Majani Yasikudanganye

Kuta za nyumba kongwe za Tanga mjini zina miti. Haikupandwa na mtu. Imejiotea juu ya paa lililobomoka, kwenye ufa wa baraza, au pale bomba la maji ya mvua lilipotoboka likalowesha ukuta miaka nenda miaka rudi bila mtu kuhangaika nalo. Mingi ni ya jamii ya mkuyu. Ndege hula matunda mchana, popo hula usiku, na mbegu iliyopita tumboni mwao huangukia penye ufa uliolika chokaa, ikaota humo bila hata konzi moja ya udongo.

Mti ulioota hivyo huishi kwa njaa. Mwenzake uliobahatika kuangukia bondeni umekwisha kuwa mti wa wazee kupumzika kivulini, na huu wa ukutani bado haujapita dirisha. Lakini shina lake limenenepa, gamba limekakamaa, majani yamekuwa madogo, na mizizi imetambaa juu ya mawe ya matumbawe ikitafuta unyevu. Mwenye nyumba akiuona huona hasara. Mimi nikiuona husimama, na mke wangu, ambaye tumetembea sana pamoja mjini hapa, hujua kwamba huko tunakokwenda tumeshachelewa.

Nimelea bonsai tangu nilipokuwa mwalimu kijana Arusha, na leo ni mstaafu. Kwa asiyejua, bonsai ni mti wa kawaida kabisa uliowekwa kwenye chungu kifupi na kulelewa kwa kupogolewa, kufungwa waya na kupunguzwa mizizi, mpaka uonekane mkongwe hali unabebeka mikononi. Hakuna mbegu ya bonsai. Wanaouza mbegu za bonsai mitandaoni wanauza mbegu za miti tu, na bei ndiyo bonsai. Sanaa yenyewe ilianzia China, ikakomaa Japani. Unaweza kuanza na mbegu, unaweza kuanza na kipandikizi, au ukatafuta mti wa porini ambao upepo, mbuzi na ukame vimeshakufanyia nusu ya kazi. Huo wa tatu Wajapani huuita yamadori, na miti mingi mashuhuri iliyopita kwenye maonyesho ya Kokufu jijini Tokyo, yaliyoanza mwaka 1934, ilitoka milimani kwa njia hiyo.

Ni njia yenye historia isiyopendeza. Kwenye magenge ya Itoigawa, katika mkoa wa Niigata, kulikuwa na mireteni aina ya shimpaku iliyopindwapindwa na theluji na upepo, mashina yake nusu yakiwa mbao nyeupe iliyokufa na nusu uhai mwembamba unaopanda hadi kileleni. Watu walishuka kwa kamba kuifuata, kazi ya kuhatarisha roho, na waliendelea kuishusha mpaka ikawa adimu porini. Shimpaku za Itoigawa zinazouzwa leo, karibu zote ni za vipandikizi vilivyokuzwa kitaluni. Waliokuja baadaye wamerithi picha.

Kwetu nasi mjadala huo tumeuonja. Mwaka 2022, huko Kilifi nchini Kenya, mibuyu mikubwa iling'olewa mashambani ili ipelekwe kwa meli hadi Georgia, pwani ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa. Hata hivyo watu walipiga kelele, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe kuhusu kibali kilichotumika. Wapo wapenzi wenzangu wa miti waliosema kelele zile ni wivu, kwa kuwa mashamba yenyewe yangeweza kufyekwa kesho yake kupanda mahindi. Sikukubaliana nao. Mbuyu wa kimo kile hauwi wa mwenye shamba peke yake. Popo wanaochavusha maua yake hawakuulizwa, wala watoto waliokuwa wakiokota mabuyu chini yake.

Kwa hiyo mimi huchukua mti uliokwisha kuhukumiwa, basi. Nyumba inabomolewa, barabara inapanuliwa, machimbo ya mawe yanasogea, mtu anasafisha kiwanja ajenge. Hata hapo naomba kwanza. Mti wa shambani una mwenyewe, wa msitu wa kijiji una serikali ya kijiji, na wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Huko mimi huenda kutazama na kurudi mikono mitupu. Marekani baadhi ya misitu ya taifa huuza vibali vya kung'oa mti mmoja au miwili kwa matumizi ya nyumbani, na nadhani ni utaratibu wa busara, lakini hapa mtu asijidanganye kwamba mti mdogo hauonekani na askari wa misitu. Unaonekana vizuri sana ukiwa nyuma ya bodaboda.

Na kuna mti ambao hata ukihukumiwa mimi huuacha uende zake. Mgunga. Una umbo ambalo kila mpenda bonsai wa Afrika analitamani, ule mwavuli bapa wa mbugani, lakini chini umetuma mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja kutafuta maji, na vimizizi vya kunywa viko huko chini, si karibu na shina. Unachimba, unachimba, unafika mahali shimo linakuzidi kimo na bado umeshika fimbo tupu. Wenzetu wa Afrika Kusini wamefanya la maana: huotesha migunga kwa mbegu, hukata mzizi mkuu ungali laini, kisha huulea mti uchukue umbo lile la mwavuli. Charles Ceronio wa Pretoria ndiye aliyeupa mtindo huo jina la pierneef, kwa heshima ya mchoraji aliyekuwa akiichora miti hiyo. Mwenye subira ya mbegu na aifuate njia hiyo.

Turudi ukutani. Mti ninaoupenda kuliko yote niliutoa kwenye gofu lililokuwa karibu kubomolewa, mwenye kiwanja akiwa amekwisha kuleta mchanga na nondo. Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, joto limeshika, mvua za masika ziko njiani. Kwa mkuyu huo ndio wakati wake: mti uko kwenye mbio za kukua, na siku za mawingu zinakaribia. Ukiutoa Julai, kusi ikiwa inavuma, unautoa upigwe na upepo mkavu hali hauna cha kunywea.

Fundi aliyepewa kazi ya kubomoa alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, na alinitazama muda kabla hajanena.

"Mwalimu, sasa huu mti unataka kwenda nao pamoja na ukuta?"

"Ukuta nakuachia, fundi. Mimi nataka mizizi tu."

"Mizizi ndiyo ukuta wenyewe huo."

Alikuwa na haki. Chokaa kati ya mawe ilikuwa imekwisha zamani, na mahali pake pamejaa mizizi, bapa, imejibana katika kila nafasi kwa upana wa nafasi yenyewe. Mtaimbo ungeisaga. Fundi akauweka kando, akachukua tindo na nyundo ndogo, akaanza kutoa jiwe moja moja kutoka juu kushuka chini, na mimi nafuata nyuma yake na ndoo ya maji na gunia la katani lililoloweshwa, nafunika kila mzizi unaotoka nje kabla jua halijaugusa. Utomvu mweupe ulimchuruzika mkononi akawa anajifuta kwa ukuta na kulalamika. Tulipofika chini kabisa likabaki jiwe moja la matumbawe, ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, limekumbatiwa na mizizi pande zote kiasi kwamba huwezi kulitoa bila kuvunja kimoja kati ya viwili. Nikamwambia aliache hapo hapo.

"Na jiwe nalo unachukua?"

Nilichukua. Wajapani wana mtindo mzima wa mti uliokumbatia jiwe, na huutengeneza kwa miaka kwa kufunga mizizi juu ya jiwe na kuifukia. Huu ulikuwa umekwisha kutengenezwa na ukuta. Hadi leo jiwe lile liko palepale, na kwenye tundu zake bado kuna chembe za chokaa ambazo mswaki umeshindwa kuzitoa.

Kung'oa, mpaka hapo, ni kazi ya asubuhi moja na mikono miwili mitatu. Watu wakikusimulia habari za bonsai za porini husimulia hapo tu: mlima, kamba, sururu, jasho. Mti haufi hapo. Hufa baadaye, nyumbani, umepumzishwa kwenye kivuli kizuri, mwenyewe akiwa ameridhika.

Kinachotokea ni hiki. Mzizi mnene unaouona ni mfereji na nguzo, haunywi. Kinachokunywa ni vimizizi vyembamba vya mwishoni, na hivyo karibu vyote umeviacha ukutani au ardhini. Huku juu majani yanaendelea kupoteza maji kila dakika, hasa kwenye upepo. Basi la kwanza ni kusawazisha hesabu: majani karibu yote yanaondolewa, matawi marefu yanafupishwa, na mizizi iliyochanika inakatwa upya kwa mkasi mkali wa kupogolea, mkato safi, kwa sababu mzizi wenye ncha iliyochanika huoza kabla haujatoa mwingine. Njiani mti hufungwa na usumba uliolowekwa, juu yake gunia, juu yake nailoni, na husafirishwa kwa guta taratibu kuliko kwa pikapu inayokimbia. Upepo wa barabarani peke yake unaweza kuumaliza.

Si kila mti unataka maji namna hii. Mbuyu mchanga, na ule mmea wenye shina la chupa na maua mekundu ambao wauza maua huuita waridi la jangwani, hubeba maji yake mwilini. Hiyo ukiing'oa unaiacha kivulini siku kadhaa majeraha yakauke ndipo uipande, na humwagilii mpaka uone uhai. Ukiihurumia kwa maji inaoza kutoka ndani na hutajua mpaka ukiibonyeza. Misonobari nayo ina yake: mizizini mwake kuna kuvu wanaosaidiana nao, kwa hiyo udongo wa kwao hauoshwi wote kwa mara moja. Mkuyu unaweza kuuosha ukawa mweupe na usikasirike.

Chombo cha kwanza kisiwe chungu cha kauri. Napiga sanduku la mbao, pana kidogo tu kuliko mizizi, chini limetobolewa matundu mengi. Ndani naweka mchanga mnene wa mto, matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na nikipata mtu anayeshuka kutoka Arusha humwomba kokoto ndogo za volkano, ambazo ni nyepesi na zina vitundu. Vyote nimevichekecha vumbi likatoka. Udongo mweusi wa bustani, ambao kila mgeni hunishauri niongeze, siuweki hata kidogo. Mzizi mpya unataka maji na unataka hewa, na udongo laini ukilowa hufunga hewa. Baada ya hapo nafunga shina kwenye sanduku kwa waya wa kufungia nondo, nakaza mpaka nikilisukuma kwa kidole sanduku lote lisogee. Mti ukicheza na upepo hata kidogo, vimizizi vinavyoanza kuchomoza vinakatika, na vikikatika vinaanza upya, na akiba ya mti si ya kuanza upya mara nyingi.

Hapo tumefika kwenye akiba, na ndilo jambo lililonifanya niandike.

Nikiwa Arusha, barabara moja nje ya mji ilikuwa ikipanuliwa, na katapila lilikuwa limeshapita kando ya boma la Wamasai na kusukuma mzeituni mwitu ukalala. Mzee wa pale aliuita oloirien. Kuni zake ndizo zinazofukiziwa vibuyu vya maziwa, na yeye alikuwa ameshakuja na panga kuchukua matawi. Nikamwamkia, nikaomba gogo la chini. Alicheka sana kwamba mtu anataka sehemu isiyo na faida, akanipa. Lilikuwa gogo zito ajabu, limekunjamana, lina mashimo na mapindo ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuyachonga, na mzeituni unajulikana kwa kuchipua hata ukibakizwa kisiki. Nikalipanda kwa adabu zote nilizokwisha kuzieleza.

Baada ya wiki chache likachipua. Si chipukizi moja. Kila pindo lilitoa vijani vidogo vya kijivu, mpaka walimu wenzangu walikuwa wanakuja nyumbani kuangalia na kunipa mkono. Chipukizi zikarefuka kufikia urefu wa kidole. Halafu zikasimama. Zilibaki kijani muda mrefu, hazikui, hazianguki. Ulipoingia msimu wa ukavu zikanyauka zote ndani ya siku mbili, kama vile mtu amepitisha moto chini yake.

Nililitoa gogo sandukuni na kulipasua. Chini hapakuwa na mzizi mpya hata mmoja, si mweupe, si wa kahawia. Katapila lilikuwa limelipiga tumboni, na ufa ulipanda ndani ya mbao ambako jicho lisingeuona, ukiwa umeingiwa na uozo mweusi. Majani yale yote, yaliyonipatia pongezi, hayakuwa yametoka mizizini. Yalitoka katika wanga ambao mti ulikuwa umejiwekea shinani miaka yote iliyotangulia. Mti uliopoteza mizizi ni sawa na mtu aliyeachishwa kazi anayeendelea kununua nyama kila Ijumaa kwa fedha ya akiba: majirani wanasema mambo yake mazuri, mpaka mwezi ambao akiba inakwisha.

Tangu hapo majani ya kwanza siyasherehekei. Nayatazama, nanyamaza. Ninachongoja ni awamu ya pili: chipukizi zikisimama kidogo, kisha zikaanza tena kwa nguvu, jani jipya likawa nene na pana kuliko lililotangulia, hapo kuna habari. Kuna dalili nyingine ambayo naiamini zaidi. Huwa nachomeka kijiti cha mishikaki ndani ya sanduku na kukitoa kuona unyevu umefika wapi. Wiki za kwanza kijiti hutoka kimelowa siku baada ya siku, kwa sababu hakuna anayekunywa. Siku ambayo kitatoka kikavu mapema kuliko ilivyozoeleka, na hali ya hewa haijabadilika, basi kuna mtu amehamia chini. Hatimaye utaona ncha nyeupe kwenye matundu ya sanduku. Hapo ndipo mafundi wa bustani wa kwetu husema mti umeshika.

Katika kipindi hicho chote kazi yako ni ndogo na ngumu. Kivuli cha makuti, kinachopitisha jua la vipande vipande. Ukuta au turubai upande wa upepo. Kunyunyizia matawi maji asubuhi na jioni, na kwa mti uliodhoofika sana kuufunika nailoni angavu ili hewa yake ibaki na unyevu. Maji ya mizizini kwa kiasi. Mbolea hapana. Samadi hapana. Kupogoa hapana, hata kama tawi moja limeota vibaya linakukera. Kila jani unalolikata ni kiwanda cha chakula umekifunga. Waya hapana. Na kubwa kuliko yote, mkono wako ukae mbali.

Kuna kijana anayeuza maua kando ya barabara hapa mjini, ana macho mazuri ya miti na haraka ya mtu mwenye kodi ya kulipa. Siku moja alikuja kwangu na mkuyu mdogo kwenye chungu cha kauri cha buluu, majani yamelegea.

"Shikamoo mwalimu. Huu umeanza kunisumbua."

"Marahaba. Uliutoa lini?"

Alikuwa ameutoa kwenye mtaro mwezi uliopita, akaupanda moja kwa moja kwenye kauri kwa sababu mteja alikuwa ameshalipa kianzio. Akaufunga waya uchukue umbo. Ulipochipua akaupa mbolea ya chumvichumvi ili uende haraka. Nilimuuliza kama aliwahi kuugusa mizizi.

"Nilikuwa nauinua kidogo tu, mwalimu. Nijue kama umeshika."

"Mara ngapi?"

Akatazama pembeni. Nilimhurumia, maana hakuna alilofanya kwa uvivu. Lote alilifanya kwa bidii. Tuliutoa, tukakata palipooza, tukauweka kwenye mchanga mnene ndani ya kreti la soda lililotandikwa wavu, waya tukaufungua, tukausukumia chini ya makuti nyuma ya karo. Nilimwambia arudi baada ya masika, na kama ana haja ya kuona mizizi aje aone ya kwangu. Mkuyu ni mti mgumu na huo ulipona. Mteja alirudishiwa fedha yake, jambo lililomuuma kijana kuliko ugonjwa wa mti.

Tunabishana naye bado. Yeye anasema watu wa kwetu hawawezi kungoja, wanataka mti kwenye kauri leo wauweke mezani, na mwenye kuuza lazima ale. Hoja yake naielewa. Jibu langu ni kwamba auze miche na vipandikizi vyake, ambavyo ni vizuri na vinashika haraka, na ule wa ukutani auache kando usiwe bidhaa mpaka uwe mti tena. Ukimuuzia mtu gogo lenye majani ya akiba, umemuuzia msiba wa miezi mitatu mbele, na atakayelaumiwa ni yeye kwamba hajui kumwagilia. Hapo ndipo wengi wameikimbia sanaa hii wakiamini wana mkono mbaya.

Hesabu yangu kwa mkuyu ni masika hadi masika bila kuuingilia. Mbolea hafifu naanza baada ya awamu ya pili ya majani kukomaa, na kuusogeza juani ni hatua kwa hatua, kwanza jua la asubuhi. Ukiingia mwaka wa pili na matawi yanakimbia, naanza kuchagua lipi libaki. Chungu cha kauri huja baadaye zaidi. Mzeituni huupa muda mrefu kuliko huo, na mkwaju mkongwe sijawahi kuuharakisha nikaona faida. Wapo wanaoniambia hiyo ni miaka inayopotea. Sijui inapotea wapi. Mti uko pale uani, unakua, nami nakunywa kahawa yangu kando yake.

Ule wa gofuni sasa una taji pana na majani yasiyozidi ukucha wa dole gumba, na mizizi yake imelibana jiwe zaidi kuliko siku ile. Pale ulipokuwa pana duka la vifaa vya ujenzi.

Mvua za masika hazijafika bado, na Tanga nzima inabomoa na kujenga. Mafundi wengi wakikutana na mkuyu ukutani huumwagia mafuta machafu ya gari, na mti ulioishi hapo tangu enzi za babu zao unakwisha kwa lita moja. Nawaomba wenye nyumba na mafundi wa mji huu: kabla ya mafuta, muulizeni mtu yeyote wa maua aliye jirani nanyi kama anautaka. Tutakuja na tindo zetu wenyewe, na kifusi tutakizoa.